Kivuli si cheusi: acheni kukandamiza penseli

"Mwalimu, nimekandamiza mpaka ncha imevunjika, mbona kivuli bado hakijakaa vizuri?" Hakijakaa kwa sababu umekandamiza. Sijui nani aliwaambia watu kwamba kivuli ni pahala pa kupaka weusi tii, lakini kila darasa jipya linakuja na imani hiyo.

Kivuli kina mwanga ndani yake. Nenda Coco Beach saa kumi jioni maji yakiwa yamekupwa, bahari uipe mgongo, uitazame ile miamba ya matumbawe. Giza kubwa liko pale mwanga unapokomea na kivuli kuanza. Shuka chini kidogo uone mwamba unavyopata nuru tena, maana mchanga unaurudishia mwanga. Ukipaka weusi mmoja kote, umechora shimo. Halafu angalia kivuli cha mnazi kilicholala chini: karibu na shina ukingo wake ni mkali, kule kwenye makuti umefifia. Na ule ukwaruzo wa mwamba hauonekani sana penye jua kali wala penye giza. Unajitokeza pale katikati, mwanga unapopita kwa ubavu. Vidoti na mikwaruzo yako viweke hapo, kwingine pumzisha mkono.

Isitoshe, grafiti, yaani ule weusi wa penseli, ikikandamizwa inang'aa, na karatasi inayong'aa haitoi giza. Chukua 4B, penseli laini yenye weusi, ishike mbali na ncha, pitisha mistari myepesi, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo, inachukua muda.

Kusugua kwa kidole? Kidole kina mafuta, na kwa joto letu hili kina jasho pia. Grafiti inaganda, raba inashindwa, na gome la mwembe linageuka moshi.

Wengine wanasema mwembe lazima uchorwe jani kwa jani. Chora fungu la kivuli, majani machache yaache pembeni, jicho litamalizia lenyewe.

Jua la saa sita nalo linasifiwa bure. Hapa Dar, mwezi wa tatu na wa kumi linakaribia kabisa utosini, kivuli kinajificha chini ya miguu. Toka asubuhi au jioni.

Penseli za bei mbaya si lazima, HB, 2B na 4B zinatosha. Ukiwa Kivukoni unachora Kigamboni ng'ambo ya maji, ongeza 2H, penseli ngumu yenye mstari hafifu, kwa sababu cha mbali hufifia. Minazi ya kule ikiwa myeusi kama boti iliyo mbele yako, umeileta Kigamboni upande huu bila pantoni.