Kina cha Umaskini: Kwa Nini Kuhesabu Maskini Peke Yake Hakutoshi

Mdadisi wa takwimu akifika kwenye ufuko kama Sahare, hapa Tanga, siku za giza, wakati wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa, atakuta kaya nyingi zina kitoweo na fedha kidogo ya unga. Akirudi baada ya wiki mbili, mbalamwezi imeshatanda na dagaa hawavutwi tena na taa, atazikuta kaya zile zile zinakopa dukani. Hakuna aliyetajirika wala aliyefukarika baina ya siku hizo mbili. Kilichobadilika ni siku ya kuuliza. Ndiyo maana Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, unaosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, huchukua miezi kumi na miwili, ili kusi na kaskazi, masika na kiangazi, vyote viingie katika hesabu.

Msingi wa hesabu hiyo ni matumizi ya kaya, si mshahara, kwa sababu mkulima wa Muheza au Korogwe hana hati ya mshahara, na sehemu kubwa ya anachokula hutoka shambani kwake mwenyewe. Chakula hicho nacho hukadiriwa thamani na kuhesabiwa. Baada ya hapo huwekwa mstari wa umaskini. Kwanza hutafutwa gharama ya chakula cha kumpatia mtu mzima kalori 2,200 kwa siku, kwa kufuata vyakula ambavyo watu wa kipato cha chini hula kweli; kisha huongezwa gharama ya mahitaji mengine ya lazima, kama mavazi. Katika utafiti wa 2017/18 mstari wa chakula ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa mahitaji ya msingi shilingi 49,320. Mtoto huhesabiwa kuwa sehemu ya mtu mzima, kulingana na umri na jinsia yake.

Tangazo linalosikika redioni huwa ni asilimia ya watu walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Kwa Tanzania Bara ilikuwa asilimia 38.6 mwaka 1991/92, 35.7 mwaka 2000/01, 28.2 mwaka 2011/12 na 26.4 mwaka 2017/18. Ni mwelekeo mwema, na sina nia ya kuudharau. Lakini asilimia hiyo haisemi lolote kuhusu umbali uliopo kati ya maskini na mstari wenyewe.

Tuchukulie mfano wa watu wawili. Mmoja ni mchuuzi wa samaki wa Ngamiani ambaye matumizi yake ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Mwingine ni bibi wa kijiji kimoja cha Mkinga, matumizi yake shilingi 25,000. Wote wawili ni maskini, na katika asilimia ile kila mmoja anahesabiwa mara moja tu. Mchuuzi amepungukiwa shilingi 4,320, ilhali bibi amepungukiwa 24,320, yaani karibu nusu ya mahitaji yake. Hali ya bibi ikishuka hadi shilingi 18,000, asilimia ya maskini haitikisiki hata kidogo. Amartya Sen, mchumi aliyezaliwa India, alilikosoa jambo hili waziwazi mwaka 1976, na mwaka 1984 James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke wakatoa kanuni inayotumika hadi leo katika nchi nyingi. Kanuni hiyo huchukua upungufu wa kila maskini, huugawa kwa mstari wa umaskini, kisha hutafuta wastani kwa watu wote nchini, asiye maskini akihesabiwa sifuri. Jibu lake ndilo pengo la umaskini, au kina chake. Upungufu ukizidishwa kwa wenyewe kabla ya kutafuta wastani, hupatikana ukali wa umaskini: katika mfano wetu bibi anakuwa na uzito wa takriban mara 32 ya mchuuzi, badala ya mara tano na nusu hivi.

Sasa tuzitazame takwimu zenyewe. Pengo la umaskini Tanzania Bara lilikuwa asilimia 6.7 mwaka 2011/12 na asilimia 6.2 mwaka 2017/18. Ukigawa pengo kwa asilimia ya maskini, unapata wastani wa upungufu wa maskini mmoja: karibu asilimia 24 ya mstari katika miaka yote miwili. Kwa maneno mengine, sehemu ya watu walio maskini ilipungua kidogo, lakini waliobaki chini walikuwa mbali na mstari karibu kama wale waliotangulia. Kwa thamani ya 2017/18, ni upungufu wa takriban shilingi 11,600 kwa mtu mzima kwa mwezi. Wakati huo huo, kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, maskini walikuwa takriban milioni 14. Kwa maoni yangu, takwimu hizi tatu, yaani asilimia ya maskini, pengo na idadi yao, zingepaswa kutangazwa pamoja kila mara. Mpango unaopimwa kwa idadi ya waliovuka mstari peke yake hushawishika kuwasaidia wanaokaribia kuvuka, na bibi yule wa Mkinga huachwa.

Kulinganisha miaka kunadai uangalifu zaidi. Asilimia ya maskini ya mwaka 2007 ilitangazwa kwanza kuwa 33.6, kisha ikarekebishwa kuwa 34.4 ili ilingane na mbinu mpya za 2011/12. Hakuna aliyekula pungufu kwa sababu ya marekebisho hayo. Namna ya kuuliza nayo ina nguvu kubwa. Jaribio lililofanywa Tanzania mwaka 2007 na 2008, katika kaya zipatazo 4,000, lilitumia njia nane tofauti za kupima matumizi, baadhi kwa shajara ya kila siku na nyingine kwa kumbukumbu, na viwango vya umaskini vikatofautiana sana kati ya njia hizo.

Vilevile, kaya zinazohojiwa katika utafiti huu si zile zile za awamu iliyopita, kwa hiyo hauwezi kusema nani alitoka katika umaskini na nani aliingia. Swali hilo hujibiwa na utafiti mwingine wa kitaifa, ulioanza 2008/09, unaorudi kwa kaya zile zile.

Utafiti wa 2017/18 ulitoa takwimu zinazowakilisha kila mkoa wa Bara. Hiyo ni fursa kwa madiwani na wananchi wa Tanga kuuliza pengo la mkoa wao. Wakumbuke tu kwamba sampuli ya mkoa mmoja, yaani kaya zilizochaguliwa kuhojiwa, ni ndogo, na tofauti ya asilimia moja au mbili kati ya Tanga na jirani zake inaweza kutokana na kaya zilizoangukia kwenye sampuli.