Ghuba ya Lady Franklin: njaa iliua kwingine

Dhana: Ghuba hii ya kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Ellesmere, Kanada, ndiyo iliyowaua watu wa Adolphus Greely.

Ukweli: Hapana, na marehemu wale wanastahili habari yao isimuliwe sawasawa. Mwaka 1881 Greely, luteni wa jeshi la Marekani, alitia nanga hapo. Kikosi kizima kilikuwa na watu 25. Wakajenga nyumba ya mbao, Fort Conger, wakapima hali ya hewa kwa miaka miwili. Hakufa hata mmoja. Wanyama wa kuwinda walikuwepo, makaa ya mawe yalikuwa jirani, ghala lilikuwa na akiba. Kilichokosekana ni meli za kuwaletea msaada: ya 1882 ilizuiwa na barafu, na Proteus ya 1883 ikabanwa hadi ikazama. Agosti 1883, kwa amri waliyopewa kabla ya safari, waliihama nyumba wakashika njia ya kusini kwa mashua. Njaa iliwamaliza Cape Sabine, zaidi ya kilomita 300 kutoka ghubani. Juni 1884 waokoaji walikuta 7 tu wangali hai, na mmoja akafariki baadaye kidogo. Inauma zaidi ukijua kwamba mpelelezi Mmarekani Robert Peary alipofika Fort Conger mwaka 1899, alikuta chakula chao kingalipo na akakitumia.

Dhana: Hapa ndipo alipopotelea John Franklin, mpelelezi Mwingereza aliyetoweka na meli zake huko Aktiki.

Ukweli: Jina la ghuba ni la mkewe, Jane. Mabaki ya meli za Franklin yalipatikana 2014 na 2016 karibu na kisiwa cha King William, mbali sana kusini.

Dhana: Theluji huanguka bila kukoma.

Ukweli: Ni jangwa la baridi. Jua hupotea kwa zaidi ya miezi minne, lakini theluji inayoanguka ni haba.

Dhana: Wazungu ndio waliotangulia.

Ukweli: Greely mwenyewe aliona magofu ya nyumba za Wainuiti karibu na ziwa Hazen, na wawindaji walipita eneo hilo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Hata rekodi ya Mei 1882 ya kufika kaskazini kuliko wote waliotangulia, nyuzi 83 na dakika 24, husimuliwa kama ya Lockwood na Brainard, watu wa kikosi cha Greely, ilhali aliyeendesha mbwa alikuwa Frederik Christiansen wa Greenland. Mwenzake wa Greenland kikosini, Jens Edward, alizama Aprili 1884 kule Cape Sabine akiwa kwenye mtumbwi wake wa ngozi, akiwawindia sili wenzake waliokuwa wakifa njaa.