Machungwa Yaliyoanguka Si Hesabu Kamili ya Hasara

Kila msimu hapa Tabora mimi huletewa hesabu ileile: mkulima ameokota machungwa yaliyoanguka, akayazidisha kwa bei ya sokoni, kisha akatangaza kwamba hiyo ndiyo hasara aliyoletewa na wadudu. Ndugu zangu, kwa heshima zote, hesabu hiyo inakosea pande mbili.

Kwanza inakuza hasara kupita kiasi. Mchungwa hupukutisha matunda machanga hata pasipo mdudu, na ukame huongeza. Pasua tunda kabla ya kulaumu. Funza wengi weupe wasio na miguu ni wa nzi wa matunda. Kiwavi mmoja wa rangi ya waridi, mwenye kichwa cha kahawia, ni wa nondo, na chambo cha nzi hakimhusu. Tunda lililokwisha kuoza, nakiri, mara nyingi halinipi jibu lolote.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi, maana hasara kubwa iko kwenye machungwa yaliyobaki mtini. Mnunuzi akishajua kwamba shamba lina funza, hashushi bei ya mabovu peke yake bali ya mzigo mzima, kwa sababu tunda lililotagwa mayai jana lina kitobo kidogo tu kisichoonekana kwa urahisi, na funza watajitokeza sokoni mbele ya wateja wake. Mkulima naye, kwa hofu, huchuma mapema yakiwa machachu, au huuza mti mzima ungali na matunda mabichi kwa bei ya kutupa. Hakuna chungwa lililoanguka hapo, kwa hiyo daftari la hasara linanyamaza. Linanyamaza pia kuhusu dawa iliyobaki kutoka shamba la tumbaku anayoipuliza kwenye majani ya michungwa: haimfikii funza aliye ndani ya tunda, lakini inaua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya wadudu gamba, kisha mwakani naulizwa kwa nini majani yamejaa masizi, yaani ukungu mweusi unaoota kwenye majimaji matamu ya wadudu gamba hao.

Msinioneshe mtego uliojaa kama ushahidi. Nzi huyu wa matunda wa kutoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hunaswa kwa methili yujenoli, kivutio chenye harufu kinachowekwa mtegoni, nayo huvuta madume. Anayetaga ni jike. Vitabu hutaja idadi ya nzi kwa mtego ambayo ikifikiwa mtu achukue hatua, nami siitegemei sana hapa, kwa kuwa tumezungukwa na miembe, na nzi wanaozaliana kwenye embe huhamia kwenye machungwa.

Matunda yaliyoanguka yazikwe kwenye shimo lenye kina kisichopungua nusu mita, na ujira wa mchimbaji uandikwe. Hata hivyo, unaweza kuzika yote ya kwako na bado ukavamiwa na nzi waliozaliwa chini ya mwembe wa jirani asiyeokota kitu, na sijapata kuona kitabu kinachoeleza gharama hiyo iingie kwenye daftari la nani.