Je, wajua kwa nini mti wa Amazoni huweza kuonekana katikati ya Bahari ya Hindi?

Ukifungua ramani ya vielelezo, yaani sampuli kavu zilizohifadhiwa, vya Bertholletia excelsa, mti unaozaa zile njugu za Brazil, usishangae ukikuta nukta imekaa baharini, kaskazini-mashariki ya Shelisheli. Hakuna aliyepanda kitu huko. Kilichopotea ni kistari kimoja tu: alama ya kutoa.

Nukta hiyo ilianzia kwenye karatasi. Hebaria ni ghala la mimea iliyobanwa kati ya magazeti, ikakaushwa, kisha ikagundishwa kwenye karatasi ngumu ya takriban sentimita 42 kwa 28. Mti huu ni msumbufu: hufikia mita 50, maua yako kileleni, na petali zake huanguka siku ileile yanapochanua. Tunda lake ni dude gumu kama gogo, lenye uzito wa hadi kilo 2. Halibaniki, kwa hiyo hutiwa sandukuni peke yake likiwa na namba ileile ya kitawi chake. Namba ikichomoka, hilo tunda limebaki pambo la mezani.

Chini, upande wa kulia, hubandikwa lebo: jina la mkusanyaji na namba yake, tarehe, mahali, mwinuko, na yale ambayo kitawi kikavu hakiwezi kusema, kama urefu wa mti na rangi ya maua yakiwa mabichi. Vitawi vitano vya mti mmoja hugawiwa hebaria tano kwa namba moja. Asiyeitazama namba hiyo atahesabu miti mitano.

Sasa shika lebo ya karibu na Manaus, Brazil: 3°08′ Kusini, 60°01′ Magharibi. Kompyuta inataka −3.13 na −60.02: dakika hugawanywa kwa 60, na Kusini na Magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiacha alama ya pili, umeutupa mti Bahari ya Hindi. Ukibadilishana namba nafasi, umeupeleka kwenye bahari ya Antaktika. Makosa hayo hayanitishi, maana mti ulio majini hujishtaki wenyewe. La hatari ni kuacha alama ya kwanza: nukta inaruka kilomita zipatazo 700 kaskazini na kutua jirani na mpaka wa Brazil na Guyana. Ni nchi kavu, Amerika Kusini ileile, na hakuna wa kuistukia. Kuna na la kimyakimya: kuandika 3.08 badala ya 3.13, kana kwamba dakika ni desimali. Hapo umepotea karibu kilomita 6.

Lebo za zamani mara nyingi hutaja wilaya tu. Altamira, katika jimbo la Pará, ina zaidi ya kilomita za mraba 150,000, kubwa kuliko Ugiriki. Ukiweka nukta mjini Altamira bila kuandika kiasi cha shaka kwa kilomita, umedanganya kwa usahihi wa desimali nne.

Dawa yake ni kufungua picha ya karatasi, kusoma maneno ya mahali, kisha kuyalinganisha na nukta. Na kama jina la mti ndilo lililokosewa, lebo ya zamani haibanduliwi wala haikatwi kwa kalamu: kikaratasi kipya hubandikwa kando yake, chenye jina sahihi, aliyelitambua na mwaka.