Askofu Anapozungumzia Siasa, Muumini Amsikilize Vipi?

Kila mara Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania linapotoa tamko kutoka makao yake ya Kurasini, Dar es Salaam, husikika kauli mbili zinazopingana: wapo wanaosema maaskofu wanachanganya dini na siasa, na wapo wanaosema kwamba Kanisa limeshanena, kwa hiyo hakuna cha kujadili tena. Pande zote mbili hukosea, na kosa la upande wa pili ndilo lisilozungumzwa vya kutosha.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 ziko wazi. Kanoni (yaani kifungu cha sheria hizo) ya 285 inamkataza kleri, yaani shemasi, padre au askofu, kushika wadhifa wa umma wenye mamlaka ya kiserikali, na kanoni ya 287 inamzuia kujihusisha kikamilifu na vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka husika ya Kanisa itakapoona kwamba haki za Kanisa au manufaa ya wote yanadai hivyo. Askofu Fernando Lugo wa Paraguay alipochaguliwa kuwa rais mwaka 2008, ilibidi Papa amwondoe katika hali ya kikleri kabla hajaapishwa. Hata hivyo, kanoni ya 747 inalipa Kanisa haki ya kutangaza misingi ya maadili hata katika mambo ya jamii, na kutoa hukumu juu ya jambo lolote la kibinadamu pale haki za msingi za mtu au wokovu wa roho unapohusika. Katiba yetu nayo, ingawa ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, inampa kila mtu uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na askofu ni raia kama wengine.

Kwa hiyo swali zito si kama askofu anaruhusiwa kusema, bali ni uzito gani tuupe kila sehemu ya maneno yake. Tuchukue tamko la Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, lililosomwa makanisani, ambamo maaskofu walisema waziwazi kwamba hawauungi mkono. Ndani ya msimamo wa namna hiyo mna mambo ya aina mbili. Kwamba rasilimali za nchi ni za wananchi wote, na kwamba mtawala ana wajibu wa kuwasikiliza anaowaongoza, ni mafundisho ya jamii ya Kanisa, ambayo Mkatoliki hawezi kuyaweka kando kwa sababu tu chama chake hakiyapendi. Lakini kwamba vipengele vya mkataba fulani vinakiuka misingi hiyo ni uamuzi wa kiutendaji, unaotegemea kusoma sheria, uchumi na mazingira, na hapo askofu anazungumza kwa busara na dhamana ya mchungaji, si kwa mamlaka yaleyale anayofundishia imani. Mwanasheria Mkatoliki aliyeusoma mkataba uleule akafikia hitimisho tofauti hakuiasi imani yake. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona waamini wema wakinyoosheana vidole ndani ya jumuiya zao ndogo ndogo, kana kwamba maoni juu ya bandari ni kipimo cha Ukatoliki.

Baraza lenyewe lina mipaka. Papa Yohane Paulo II alieleza mwaka 1998 kwamba tamko la mafundisho la baraza la maaskofu huwa fundisho rasmi likikubaliwa na maaskofu wote, au likipitishwa na theluthi mbili na kuthibitishwa na Roma; tamko juu ya sera au mkataba si la aina hiyo. Tena kila askofu hubaki mchungaji wa jimbo lake. Mwaka 2015 Jukwaa la Wakristo, chombo cha pamoja cha makanisa nchini, lilipowahimiza waamini waikatae Katiba Inayopendekezwa, yaani rasimu ya katiba mpya iliyosubiri kura ya maoni, Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alitofautiana hadharani na wito huo, akitaka waamini waachwe waamue wenyewe.

Je, maaskofu wanyamaze basi? La hasha. Pale njia nyingine za wananchi kusema zinapozibwa, wajibu wao wa kusema huongezeka. Malawi ilikuwa chini ya chama kimoja Machi 1992, maaskofu walipotoa waraka wa kichungaji uliosomwa makanisani kote, ukitaja ukosefu wa haki uliokuwa ukisemwa kwa kunong'ona tu. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Waraka ule haukuwaambia wajiunge na chama gani.

Muumini asiyekubaliana na tamko ana njia halali. Kanoni ya 212 inawapa walei, yaani waamini wasio kleri, haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kwa heshima, kwa kadiri ya ujuzi wao. Anaweza kumwandikia askofu wake moja kwa moja, au kulipeleka jambo kwenye halmashauri ya walei ya parokia yake, naye aeleze ni kipengele gani anachokipinga na kwa hoja ipi.