Mimba kabla hujaijua: maswali kuhusu wiki nne za mwanzo

Mimba hutungwa kwenye mfuko wa uzazi, sivyo?

Sivyo, ingawa wengi tumekua tukiamini hivyo. Yai likitoka kwenye ovari hudakwa na mrija wa uzazi, na ni humo mrijani, kwenye sehemu pana iliyo karibu na ovari, mbegu ya kiume hukutana nalo. Yai lina saa 12 hadi 24 tu za kurutubishwa. Mbegu zina subira zaidi: zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo tendo la Jumatatu linaweza kuzaa mimba ya Alhamisi, na ubishi wa "mbona siku hiyo sikuwepo?" mara nyingi hauna mashiko.

Mbegu ni mamilioni, inakuwaje inaingia moja?

Nyingi hufia njiani. Zinazofika jirani na yai ni chache mno. Hapo zinakuta ganda laini la protini linalolizunguka yai, na hulipenya kwa msaada wa vimeng'enya vilivyo kichwani mwa mbegu. Ya kwanza ikishaungana na utando wa yai, yai humwaga kemikali kutoka pembezoni mwake, na ganda lile hubadilika: mbegu nyingine haziwezi tena kulishika wala kulipenya. Kinga hiyo ina sababu. Yai huleta kromosomu (vifurushi vya vinasaba) 23 na mbegu 23, jumla 46. Zikiingia mbegu mbili zinakuwa 69, na mimba ya namna hiyo karibu kila mara huharibika.

Jinsia nayo huamuliwa papo hapo. Yai siku zote hubeba kromosomu X, mbegu hubeba X au Y. Mwanamume anayemlaumu mkewe kwa kuzaa mabinti watupu anamwonea.

Baada ya hapo yai linaanza kukua?

Linagawanyika, lakini kukua bado. Mgawanyiko wa kwanza hukamilika baada ya siku moja au zaidi kidogo: seli 2, kisha 4, kisha 8. Ganda bado lipo, kwa hiyo ukubwa wote unabaki kama sehemu ya kumi ya milimita, na kila seli mpya ni ndogo kuliko iliyoizaa. Mwanzoni kabisa kazi yote huendeshwa kwa akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika, huanza kutumia vinasaba vyake chenyewe kwa nguvu kinapokuwa na seli 4 hadi 8, karibu siku ya tatu.

Wakati huo kinasukumwa taratibu kuelekea mfuko wa uzazi na vinyweleo vilivyo ndani ya mrija. Mrija ukiwa na kovu, tuseme kwa sababu ya maambukizi ya zamani, kinaweza kukwama na kujishikiza humo humo. Hiyo ndiyo mimba ya nje ya mfuko wa uzazi, na haiwezi kuhamishwa wala kuokolewa. Mwanamke ambaye huenda ana mimba akipata maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, akatokwa damu au kuhisi kuzimia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asisubiri kupambazuke.

Seli zote zinafanana. Zinajuaje ipi iwe nini?

Uamuzi wa kwanza unategemea mahali seli ilipo. Karibu siku ya nne seli hujibana na kushikamana. Zilizo nje zina upande mmoja usio na jirani. Zilizo ndani zimezungukwa na wenzao pande zote. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuwasha vinasaba tofauti. Za nje huanza kusukuma chumvi kuelekea ndani, maji yakaifuata, na kufikia siku ya tano kuna kifuko chenye majimaji na kishada kidogo cha seli kilichobanwa upande mmoja. Hatua hii huitwa blastosisti. Seli za nje zitachangia kondo la nyuma. Mtoto atatokana na kile kishada peke yake.

Kisha blastosisti hupasua ganda na kutoka, na karibu siku ya sita au ya saba huanza kujichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Seli za nje humwaga homoni ya hCG, ambayo huzuia hedhi isije na ndiyo inayosomwa na kipimo cha mimba. Ukipima kabla kiinitete hakijajishikiza utaambiwa huna mimba, na kipimo hakitakuwa na kosa.

Tishu zenyewe zinaanza lini?

Wiki ya tatu, na kwangu hii ndiyo wiki nzito kuliko zote. Mpaka hapo kiinitete ni kisahani cha tabaka mbili za seli, bila kichwa wala mkia. Karibu siku ya 15 hutokea mstari mwembamba upande mmoja wa uso wake. Seli za juu husogea hadi kwenye mstari huo, huzama humo na kutandaa chini. Wimbi la kwanza hutengeneza tabaka la ndani, zinazofuata tabaka la kati, na zisizozama hubaki kuwa tabaka la nje. Kwa mstari huo, mwili umepata mbele na nyuma, kulia na kushoto.

Tabaka la nje hutoa ngozi ya juu, nywele, ubongo na ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo, ngozi na ubongo ni ndugu. La kati hutoa misuli, mifupa, damu, moyo na figo. La ndani hutoa utando wa njia ya chakula na wa mapafu, pamoja na ini na kongosho. Viungo vingi ni mseto: utando wa utumbo ni wa tabaka la ndani, misuli inayousukuma ni ya tabaka la kati.

Moyo huanza kupiga karibu siku ya 22, ukiwa bado bomba tu.

Kwa nini tunahimizwa kumeza asidi ya foliki kabla ya kupata mimba?

Kwa sababu ya tarehe. Katika wiki ya nne sehemu ya tabaka la nje hujikunja na kuwa mrija wa neva, ambao hufungika kabisa kufikia siku ya 28 hivi. Usipofungika chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofungika juu, ubongo haukamiliki. Asidi ya foliki ni vitamini inayosaidia mrija huo ufungike. Sasa piga hesabu: mwenye mzunguko wa siku 28, hedhi ikichelewa wiki mbili, mrija umeshafungika au umeshindwa. Mikrogramu 400 kwa siku zianze angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, au anayetumia dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa zaidi ya daktari, na dawa za kifafa asiziache mwenyewe.

Daktari anasema wiki 6, mimi najua ni 4.

Wote mko sahihi. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki mbili hivi kabla mimba haijatungwa. Siku zote nilizozitaja hapa ni tangu kurutubishwa.

Mimba yangu ilitoka mapema sana. Ni kwa sababu nilibeba ndoo?

Hapana. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na hitilafu ya kromosomu, nyingi zikianzia kwenye yai au mbegu, kabla ya ndoo yoyote. Zikishatoka mbili au zaidi, muone daktari ili chanzo kitafutwe, na mwenzi wako aende nawe.