Kibali cha Kaunti Hakitibu Mlevi

"Lakini daktari, wana cheti ukutani." Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mzee wa Maseno anayetafuta kituo cha uraibu cha kumpeleka mwanawe. Kwanza, mimi si daktari. Ni muuguzi wa afya ya akili, na kazi yangu siku hizi hapa Kisumu ni kuvitayarisha vituo vya waraibu kwa ukaguzi. Nikamwomba mzee anitumie picha ya cheti chenyewe. Kibali cha biashara cha kaunti! Muuza mitumba wa Kondele anacho kama hicho.

Haya, turudie. Cheti cha kampuni kinasema jina limesajiliwa. Kibali cha kaunti kinasema ada imelipwa. Leseni ya kutibu uraibu ni kazi ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kwa sheria ya mwaka 2012, ikishirikiana na mashirika mengine. Wauguzi na madaktari walio humo nao wana mabaraza yao. Leseni ina tarehe ya kuisha, isomeni. Mkishindwa, pigeni 1192, simu ya NACADA, ni bure, mwulize kama kituo kimeidhinishwa.

Sasa lile linaloniudhi. Wenye vituo wakisikia ukaguzi hukimbilia rangi. Kuta mpya, magodoro mapya, aya ya Biblia juu ya mlango. Mimi nauliza jambo moja: saa nane usiku, siku ya pili tangu mgonjwa aache pombe, nani yuko zamu? Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka hakatiwi ghafla akafungiwa chumbani eti "itoke na jasho." Degedege huweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo huua. Heroini, ambayo kila mzazi anaiogopa, kuiacha hutesa mno lakini ni nadra kumwua mtu mzima mwenye afya. Pombe, tunayomiminiana harusini, ndiyo hatari kuikata ghafla. Dawa zipo na si za ajabu: diazepamu inayopunguzwa kidogo kidogo, na thiamini, ambayo kwa kawaida hutangulia dripu ya glukosi. Ila zinataka mtu wa kupima presha, kuandika, na kujua ni wakati gani wa kuita gari la kwenda hospitali kuu.

Mara nyingi anayenijibu ni msimamizi ambaye sifa yake pekee ni kwamba naye aliwahi kunywa akaacha. Nawaheshimu sana watu hao. Vikao vya jioni bila wao hupwaya. Lakini kupona hakumfundishi mtu kusoma chati ya dawa.

Kumvizia kijana usiku, kumfunga kamba na kumsukumia ndani ya Probox kwa sababu familia imelipa? Katiba, kifungu cha 29, kinalinda uhuru na usalama wa kila mtu. Tuendelee.

Siku 90 za kukaa kituoni, basi. Vituo vingi huziuza kana kwamba ni dozi. Kukaa muda mrefu husaidia wengi, hilo sikatai, ila sijawahi kuelewa siku ya 91 ina nini ambacho ya 70 haina. Nashuku nambari hiyo inapendwa kwa kuwa ni rahisi kuiandikia ankara.

Na leseni yenyewe? Mkaguzi huona kituo cha siku aliyofika. Nimeingia vituo vyenye makaratasi yote ambako nisingemlaza ndugu yangu. Nakijua pia kimoja kisicho na leseni, chenye muuguzi wa usiku na mafaili yaliyojazwa vizuri. Kikifungwa, wengi wa wagonjwa wake watarudi nyumbani, kwenye mitungi ileile, maana bei za kwingine haziwafikii. Hapo hoja yangu huchechemea, nami najua. Hata hivyo nawaambia wenyewe kila nikipita: wasipokee mgonjwa mpya mpaka wapate leseni, kwa sababu mtu akifia pale hakuna mkaguzi atakayekuja kuomba lile faili.